Mgeni wa Ishirini na Tatu

Viatu niliviona. Vilikuwa kando ya mlango, jozi ya ngozi nyeusi iliyopigwa rangi vizuri. Soli zake zilikuwa zimelika nchani, chini ya vidole, hadi uzi wa mshono ukaonekana, ilhali visigino vilikuwa vizima kana kwamba vimetoka dukani jana. Niliandika katika daftari langu: anaburuta miguu. Kisha nikageuza ukurasa. Nimefanya kazi ya upelelezi katika mji wa Brugge kwa miaka ishirini na sita, na siku ile nilikitendea kiatu cha mtu kama anayepokea barua, akasoma jina lililo juu ya bahasha, akaiweka mezani bila kuifungua.

Mwenye viatu aliitwa Gerolf Strubbe. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili, mwongoza watalii mstaafu, mgonjwa wa kisukari na wa kusahau, na alikuwa ametoweka. Mkewe, Godelieve, alitupigia simu saa nne na nusu asubuhi, Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Machi. Robo saa baadaye nilikuwa nimeketi jikoni mwao pamoja na Konstebo Katrijn Bulcke, katika mojawapo ya zile nyumba ndogo nyeupe za wazee zilizo nyuma ya mtaa wa Katelijne, ambazo milango yake yote hutazama bustani moja.

"Kaa vizuri, afande," alisema Godelieve. Alikuwa mwembamba, mwenye fimbo na nyonga mbovu, na macho makali ya buluu. "Usikae ukingoni kama daktari aliyeleta habari mbaya."

"Sijaleta habari zozote, mama. Nimekuja kuzitafuta. Mumeo alitoka saa ngapi?"

Aliitazama saa ya ukutani kabla ya kujibu.

"Saa nne. Kengele za mnara zilikuwa zinalia."

"Alivaaje?"

"Koti la bluu. Kofia ya sufu ya kijani, niliifuma mwenyewe. Na mwavuli, ingawa mvua hakuna. Bila mwavuli hatoki."

"Alisema anakwenda wapi?"

"Kazini." Alitabasamu kidogo. "Ukimuuliza umri wake atakwambia thelathini, kisha atakuuliza basi lenu limeegeshwa wapi. Mimi mwenyewe siku nyingine ananiita mgeni. Tukila, anahesabu. Sahani ziko mbili tu mezani, lakini yeye anahesabu hadi ishirini na mbili, kisha anatazama mlango."

"Kwa nini ishirini na mbili?"

"Afande, mtafute kwanza. Hadithi nitakusimulia akirudi."

Katrijn, ambaye mama yake ni muuguzi, alikuwa akitazama meza. Pale palikuwa na kipande cha mkate na jibini, hakijaguswa, kingo zake zimeanza kukauka na kujikunja. Kando yake palikuwa na sindano iliyotumika.

"Ulimchoma insulini leo, bibi?"

"Kama kila siku. Halafu nikageuka kumimina kahawa, nikageuka tena, kiti kitupu."

Katrijn alinivuta hadi bustanini. "Afande, sindano bila chakula ni hatari. Sukari yake itashuka. Kufikia adhuhuri anaweza kuanguka popote alipo, na baridi hii."

"Tuna saa ngapi?"

"Mbili. Tukiwa na bahati."

Tulipokuwa tukitoka, Godelieve alinishika mkono wa koti. Binti yao, Heleen, alikuwa ameshapata chumba kwa ajili ya babake katika nyumba ya wazee kule Oostende, nyumba yenye milango ya kufungwa kwa namba. Makubaliano yalikuwa kwamba akipotea mara moja tena, atahamia Jumatatu.

"Mtafute akiwa mzima," alisema. "Na mkiweza, mtafute kabla Heleen hajajua."

Sikumwahidi. Tayari nilikuwa nimemtuma Katrijn ampigie Heleen simu, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka.

*

Mwongoza watalii mzee hawezi kwenda popote Brugge asikojulikana. Nilianzia gati la Rozenhoedkaai, ambapo mfereji unapinda na wageni hupigana vikumbo ili wapige picha ileile. Ilikuwa wiki ya kwanza ya boti baada ya majira ya baridi, na nahodha mmoja, Wannes, alikuwa akifuta umande kwenye viti.

"Afande Claerhout!" aliita. "Umekuja kupanda hatimaye?"

"Leo hapana."

"Leo hapana, jana hapana. Watu wanatoka Osaka kuja kukaa kwenye kiti hiki, wewe unatoka mtaa wa pili na hujawahi kulowesha hata kiatu. Mnara je, umeshawahi kupanda?"

"Wannes, namtafuta Gerolf Strubbe."

Aliacha kufuta. "Gerolf? Nimemwona. Saa nne na robo, nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mnyororo. Alisimama pale chini ya mti, mwavuli juu, nywele zake nyeupe zinapepea kama manyoya ya bata, anaongea peke yake. Nikamwambia, 'Mzee, leo una wageni wangapi?' Akanijibu, 'Wametimia,' kama vile mimi ndiye kichaa."

"Akaelekea wapi?"

"Uso wake ulikuwa kwenye mnara wa Kanisa la Mama Yetu Maria. Kule." Alinyoosha kitambaa upande wa kusini.

Niliandika yote, pamoja na nywele. Saa ilikubaliana na maneno ya Godelieve: kutoka nyumbani saa nne, gatini saa nne na robo. Nilifurahi, kama mtu anavyofurahi vipande viwili vya kwanza vinapoingiana.

Karibu na kanisa, mwanamke mmoja hufuma lesi dirishani ili wageni wamwone na waingie kununua. Alinijibu bila kuinua macho, vijiti vyake sitini vya nyuzi vikigongana chini ya vidole.

"Mzee wa mwavuli? Alipita. Saa siijui, nikiangalia saa napoteza hesabu ya nyuzi."

"Alielekea upande gani?"

"Uso ulikuwa upande wa Begijnhof, kwa watawa. Alikwenda taratibu sana, kama mtu anayechelea kujikwaa."

Kusini tena. Nilitembea haraka hadi kwenye uwanja mdogo ulio mbele ya daraja la Begijnhof, ambapo magari ya farasi husimama farasi wanywe maji. Dereva aliyekuwepo aliitwa Dorine, mwanamke mnene mwenye kofia ya ngozi.

"Gerolf alimwamkia farasi kwanza, kisha mimi," alisema. "Nikamwona ana rangi mbaya. Nikampa kahawa ya kwenye chupa yangu, vijiko vitatu vya sukari, na biskuti mbili za mdalasini. Alikula na kunywa amejificha nyuma ya farasi."

Nilishusha pumzi. Biskuti mbili zilikuwa zimetununulia muda. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tatu hivi. Mabasi ya wageni yalikuwa hayajaanza kuja."

"Haiwezekani, Dorine. Alitoka nyumbani saa nne."

"Basi labda saa tano." Aliinua mabega. "Wewe ndiye polisi. Farasi wangu hana saa, na mimi naamka kabla ya jogoo, saa zote kwangu ni moja."

Nilifuta tatu nikaandika tano. Ukurasa huo bado ninao, na mstari niliofutia umenyooka vizuri sana.

"Uso wake ulikuwa upande gani?"

"Ziwani," alisema Dorine.

*

Ziwa la Minnewater liko hatua chache kutoka pale. Saa sita na dakika ishirini Katrijn alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, akinyoosha upondo wa mtunza bustani. Batamaji walimpigia kelele na kumpisha. Upondo uliporudi ulikuwa umebeba kofia ya sufu ya kijani, nzito kwa maji.

Sikuwa na haja ya kufikiri sana. Mashahidi watatu walikuwa wamenileta hatua kwa hatua hadi kwenye maji, na sasa maji yalikuwa yamenipa kofia. Nikaita wapiga mbizi.

Godelieve aliletwa kwa gari, na nyuma yake, kwa teksi kutoka stesheni, akafika Heleen. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amevaa sare ya duka la dawa chini ya koti, kitambulisho kifuani. Hakutusalimu. Aliona wanaume wawili wanaovaa nguo za mpira, akaiona kofia mikononi mwa mama yake.

"Mama. Nilikwambia Jumatatu iliyopita. Nilikuomba."

"Uliniomba, ndiyo."

"Pale angekuwa na muuguzi. Angekuwa na mlango!"

"Mlango anao," alisema Godelieve. "Tatizo lako ni kwamba unafunguka."

Heleen alianza kulia kwa hasira, kama wanavyolia watu waliozoea kufanya kila kitu wenyewe. Godelieve hakulia. Alikuwa akiikamua kofia taratibu, maji yakimdondokea viatuni, kisha akaikunjua na kuitazama ndani, mahali ambapo kichwa hukaa.

Nilifungua daftari ili nisiwatazame. Macho yangu yakaangukia maneno ya Wannes: nywele zake nyeupe zinapepea kama manyoya ya bata.

Nilisoma tena.

Nywele hazipepei chini ya kofia ya sufu. Kama Gerolf alikuwa kichwa wazi gatini, basi kofia ilikuwa imeshampotea kabla ya gati. Na kofia ilikuwa imepotelea hapa, ziwani. Hivyo ziwa lilitangulia na gati likafuata. Safari yote niliyokuwa nimeipanga kutoka kaskazini kwenda kusini ilikuwa imeandikwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Lakini saa zilikataa. Mtu aliyetoka nyumbani saa nne hawezi kufika ziwani, akanywa kahawa, akapita kwa mfuma lesi, na kuwa gatini saa nne na robo.

Labda Dorine alikuwa amesema kweli nilipomsahihisha. Na ule mkate, ukingo wake ulikuwa umekauka mno kwa kifungua kinywa kilichoachwa chini ya saa moja.

Nilichuchumaa mbele ya Godelieve. "Mama. Alitoka saa ngapi?"

Alikunja kofia mara mbili.

"Saa mbili na robo."

"Mama!" alisema Heleen.

"Nilimtafuta mwenyewe kwanza. Kwa nyonga hii. Nilifika hadi kanisani nikarudi." Alimgeukia binti yake. "Nilijua nikipiga simu, Jumatatu ningebaki na sahani moja. Nikadhani nikipunguza saa, itaonekana hakupotea sana."

Mmoja wa wapiga mbizi alikuwa ameshaingia hadi kifuani.

"Swali moja la mwisho," nilisema. "Watu watatu wamemwona akielekeza uso kusini, na mimi naamini alikuwa akienda kaskazini. Mumeo, akiwa kazini, hutembeaje?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza samaki huogeleaje.

"Kinyumenyume. Atembeeje tena? Mwongoza watalii akiwapa wageni mgongo, ameshawapoteza. Alifundishwa hivyo, akawafundisha wenzake hivyo. Miaka arobaini na moja ameutembea mji huu kwa mgongo. Uso wake ni wa wageni." Kisha akaongeza, "Wewe ni mtu wa hapa. Hukuwahi kumwona?"

Nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimewaona wote, tangu utotoni, wale watu wenye mwavuli juu wanaokuja kwako kwa kisogo, nasi wenyeji tukivuka barabara ili tusiwagonge. Nikavikumbuka viatu vilivyo kando ya mlango, vilivyolika mahali ambapo mguu hutua kwanza kwa mtu aendaye kinyumenyume.

Nikawaambia wapiga mbizi watoke majini.

"Mabasi ya wageni hushusha watu huku kusini," nilisema, nikiwaza kwa sauti. "Alianza hapa. Alipita Begijnhof, kanisani, kwa mfuma lesi, gatini. Safari humalizikia wapi?"

"Uwanja wa Soko, chini ya mnara wa kengele," alisema Heleen. Alikuwa ameacha kulia. "Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukimsubiri pale. Lakini leo ni Jumatano, siku ya soko. Uwanja umejaa watu. Mtu angekuwa ameshamwona amesimama."

"Hawezi kuwa amesimama," alisema Godelieve polepole. "Hesabu haikutimia."

"Hesabu ya nani?"

"Sasa nikusimulie hadithi, afande. Mwaka sitini na nane tulikuja kutoka Poperinge, wanawake wa mashambani, ishirini na watatu. Tulipanda mnara. Mpiga kengele alikuwa juu, anapiga kile kinanda chake kwa ngumi, jasho linamtoka. Sijawahi kuona kitu kama kile. Wenzangu wakateremka, mimi nikabaki. Chini mwongozaji akahesabu, akapata ishirini na mbili." Aliiweka kofia begani ikalowesha koti lake. "Akapanda tena kunitafuta. Ngazi mia tatu sitini na sita, mara ya pili siku hiyohiyo. Alikuwa amekasirika sana. Alikuwa mzuri sana."

*

Saa saba na nusu nilikuwa kwenye dirisha la tiketi la mnara. Karani, Lutgart, alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Mzee wa miaka themanini na miwili? Peke yake? Ningemwona, afande. Mashine inahesabu kila anayeingia. Tazama, tangu asubuhi mia moja na arobaini, na wote nimewapa tiketi kwa mkono wangu."

"Na waongozaji?"

"Waongozaji hupita mlango wa kando."

"Mashine inawahesabu?"

Alitazama mashine, kisha mlango wa kando.

"Kuna mmoja," alisema. "Kabla ya kengele za saa tano. Aliinua mwavuli, nikampungia mkono apite." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Sikumtazama, afande. Niliuona mwavuli tu."

"Usijilaumu," nilimwambia. "Nusu ya mji imeuona mwavuli tu."

Katrijn alibaki chini na redio, pamoja na Godelieve na Heleen. Mimi nikapanda. Kama Wannes alivyokisia, ilikuwa mara yangu ya kwanza. Ngazi zile huanza pana, kisha hujikunja na kuwa nyembamba hadi mabega yanagusa jiwe pande zote mbili, na badala ya reli ya kushikilia kuna kamba nene katikati. Nilikuwa na chupa ya maji ya matunda mfukoni na nilihesabu ngazi hadi mia mbili na kumi, nikashindwa.

Niliisikia sauti yake kabla ya kumwona. Ilikuwa sauti tulivu, iliyopimwa, ya mtu aliyezoea kusikika bila kupaza.

"Pini hizi za shaba, mabibi na mabwana, ndizo zinazokumbuka. Ngoma ikizunguka, kila pini huvuta waya, na kila waya huamsha kengele yake. Hakuna mtu anayepiga robo saa za mji wetu. Ila leo, siku ya soko, saa tano mlimsikia mpiga kengele mwenyewe."

Alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao katika chumba cha ngoma kubwa ya shaba, mgongo wake ukiielekea ngoma. Mbele yake walisimama baba na binti, wageni, wenye vitabu vya ramani mkononi. Baba aliniona nikihema akasema kwa heshima, "Mfanyakazi wenu anajua sana. Ila tunadhani hajisikii vizuri."

Hakika hakujisikia vizuri. Uso wake ulikuwa wa kijivu, paji lina jasho ingawa chumba kilikuwa cha baridi.

"Bwana Strubbe," nilisema. "Mimi ni Roeland Claerhout. Kunywa hii, tafadhali."

"Asante, bwana. Mwongozaji hali wala hanywi mbele ya wageni wake." Alikuwa mpole kabisa. "Uko katika kundi langu?"

"Bwana Strubbe, ni lazima unywe."

"Nimeteremsha ishirini na mbili. Mmoja bado yuko juu, binti wa Poperinge. Mlango wa chini hufungwa, bwana. Siwezi kumwacha mtu ndani."

Nilimwekea chupa mkononi, akaiweka benchini kwa adabu. Alijaribu kuinuka aendelee kupanda, magoti yakamkataa, akaketi tena akijifanya amekusudia. Ningeweza kumshika kwa nguvu. Ngazi zile haziruhusu watu wawili wanaopigana.

Nikawasha redio. "Katrijn. Mpe mama Godelieve hicho chombo. Mwambie abonyeze pembeni na aseme."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti yake, kali, karibu mno na chombo.

"Wewe mwongozaji!"

Gerolf aliinua kichwa.

"Basi la Poperinge linanguruma huku chini na dereva anatukana. Wenzangu wote wameshapanda. Unanikawiza!"

"Nani huyo?" aliniuliza. Kisha, akiinamia redio kama anayeinamia mtoto: "Nani anasema?"

"Wa ishirini na tatu."

"Uko juu kwa mpiga kengele."

"Nilikuwako. Nimeshateremka. Ulipita ukinitafuta, ukanipita kwenye kona bila kuniona. Mwongozaji gani huyo?"

Vidole vyake viligusa mpini wa mwavuli kimoja kimoja, kama anayehesabu.

"Una uhakika uko chini?" alisema. "Usinidanganye. Nikiteremka na wewe uko juu, hapatakuwa na mtu wa kukurudia."

Sauti iliporudi redioni, ukali ulikuwa umeisha.

"Niko chini, Gerolf. Nimesimama mlangoni. Nina baridi na nina njaa, na siendi popote bila wewe. Kunywa hicho unachopewa, uje unihesabu."

Akaitazama chupa, akawatazama wageni wake wawili. Baba yule alielewa kuliko mimi. Alimshika binti yake bega, wakageuka wote wawili kuutazama ukuta. Gerolf akanywa hadi tone la mwisho.

Tulikaa dakika ishirini, hadi rangi ikamrudia. Kisha tukateremka. Mimi nilitangulia chini yake ili nimzuie akiteleza, naye akaja kinyumenyume, mkono mmoja kwenye kamba, uso juu, akiwaonya baba na binti kila ngazi mbovu ilipokaribia. Visigino vyake vilikuwa mbele ya macho yangu njia nzima. Kila hatua ilitua kwa ncha ya kiatu kwanza, ikapapasa, ikaamini, ndipo kisigino kikafuata. Hakukosea hata ngazi moja.

Chini mlangoni gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika, na muuguzi akataka kumshika. Godelieve alimzuia kwa fimbo. "Subiri. Bado hajamaliza kazi."

Gerolf aligeuka. Alimtazama kikongwe aliyesimama mbele yake na kofia yenye maji begani. Sijui alimwona nani, wala sitadai kujua. Aliinua mwavuli na kumgusa bega kwa ncha yake, kwa wepesi.

"Ishirini na tatu," alisema. "Wametimia."

Kisha akamwona Heleen, aliyekuwa amesimama kando na simu mkononi, mikono yake ikiwa haijui pa kukaa.

"Na wewe, dada? Uko katika kundi gani?"

Heleen aliitia simu mfukoni. "Hilihili," alisema. "Nilichelewa."

"Haidhuru. Simama hapa mbele, nikuone."

*

Siku ile niliandika taarifa yangu, na ndani yake nikaandika kwamba shahidi Dorine alitaja saa sahihi na kwamba mpelelezi ndiye aliyeibadilisha. Mkuu wangu aliisoma, akauliza kama nilikuwa na hakika nataka sentensi hiyo ibaki. Nilikuwa na hakika.

Gerolf Strubbe hakuhamia Oostende Jumatatu iliyofuata. Kila Jumatano Heleen hufika kwa treni ya asubuhi, humlisha babake mkate wake wote, kisha huanza naye safari kutoka ziwani, akitembea hatua tatu mbele ya uso wake, mahali anapoweza kumwona. Mzee anahesabu ishirini na nne sasa.